Uzito wa Hewa, Uzito wa Gunia

Mzee aliyenipangisha vyumba viwili huko Matiri alikuwa na vitu viwili alivyovithamini, na vyote viwili alivivaa. Kimoja kilikuwa koti la sufu la rangi ya kahawia, alilokabidhiwa mbele ya mkutano siku alipostaafu. Cha pili kilikuwa jina. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa mpima kahawa wa chama cha msingi cha ushirika cha pale kijijini, na kwa maneno yake mwenyewe, hakuna mkulima aliyewahi kurudi nyumbani akiwa amekatwa hata nusu kilo isivyo haki. Aliniambia hayo siku ya kwanza tulipokuwa tunapatana juu ya vyumba, kabla hata sijauliza choo kiko wapi. Nilidhani ni majivuno ya mtu mzima asiye na kazi tena. Naandika haya kwa sababu kazi yangu, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na kahawa, ndiyo iliyokuja kuligusa jina hilo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimezaliwa Tabora, nchi tambarare ambako mtu akikuaga asubuhi unaweza kuutazama mgongo wake mpaka uchoke, na wakubwa wakanipanga kwenye milima ya Mbinga, ambako mtu akikuaga anazama kwenye ukungu kabla hujamaliza kumjibu. Nilipofika sikujua Kimatengo hata neno la kuombea maji, na mpaka leo nakijua cha sokoni tu. Na mzee tulikutana katikati, kwenye Kiswahili, ambacho kwake kilikuwa lugha ya mizani, kanisa na ofisi.

Wakati huo nilikuwa nasomea shahada ya uzamili kwa mbali, huku nafundisha. Tasnifu yangu ilihusu kupima msongamano wa angahewa ya juu kwa kutumia eksirei zinazotoka kwenye nyota. Nikisema hivyo watu hunitazama kwa huruma, kwa hiyo nitaieleza kama nilivyomweleza mzee. Juu yetu, kilomita mia moja hivi, hewa haijaisha, ila imebaki nyembamba sana. Puto haliwezi kupanda mpaka huko, na setilaiti ikishuka huko haikai, inaungua na kuanguka. Ni sehemu ambayo hakuna chombo kinachoweza kutulia na kuipima. Lakini juu zaidi ya hapo zinazunguka setilaiti zenye vifaa vya kuhesabu eksirei, na huko mbali mbinguni yako masalia ya nyota zilizolipuka zamani ambayo hutoa eksirei karibu bila kupungua wala kuzidi. Setilaiti inapoizunguka dunia, kila mzunguko hufika mahali ambapo nyota ile inatua nyuma ya dunia, kama jua linavyotua nyuma ya mlima. Haipotei mara moja. Miale yake hupita kwanza kwenye hewa nyembamba, kisha kwenye hewa nzito, kisha nzito zaidi, na kila sekunde kifaa kinahesabu miale michache kuliko sekunde iliyopita, mpaka nyota inazimika. Ukijua ilikuwa inatoa kiasi gani kabla haijaanza kutua, na kiasi gani kimebaki kila sekunde, utajua hewa imemeza kiasi gani. Kutoka hapo msongamano wake ni suala la hesabu tu.

Setilaiti zenyewe si zangu, bila shaka. Wenye nazo huziweka hesabu zao wazi kwenye mtandao, na yeyote mwenye subira anaweza kuzichukua. Mimi subira nilikuwa nayo. Mtandao ndio ulikuwa wa kubahatisha.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "Sawa, mwalimu," kwa adabu kamili, nikajua hajaelewa kitu. Alikuja kuelewa tulipokuwa Mbamba Bay, kando ya ziwa. Tuliteremka huko wakati wa likizo. Yeye alikuwa anakwenda kumwona dada yake, mimi nilikuwa nataka joto. Alasiri tulikaa barazani kwa dada huyo, mbele yetu dagaa wameanikwa kwenye vichanja, na mbele ya dagaa ziwa, na ndani ya ziwa kisiwa kidogo cha mawe. Ndipo wakapanda wale wadudu wa ziwani, wadogo kuliko mbu, ambao hutoka majini kwa wingi na kusimama juu ya maji kama moshi wa shamba linalochomwa. Wingu lao likasogea taratibu likapita mbele ya kisiwa. Kisiwa kikafifia, kikafifia tena, kikatoweka. Mzee alikuwa anakitazama bila kupepesa.

"Mwalimu," akasema, "ina maana wewe unataka kuhesabu hawa wadudu kwa kukitazama kile kisiwa."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa kuwa unajua kisiwa kilivyokuwa kabla hawajafika."

"Ndiyo hivyo."

Akanyoosha kidole ziwani. "Lakini kisiwa kimeshafichika, na bado naona mwanga pale pale kilipokuwa. Huo mwanga si wa kisiwa."

Niligeuka nikamwangalia. Wako watu wenye shahada ambao jambo hilo hulazimika kuelezwa mara tatu. Nikamwambia kwamba ndivyo ilivyo hata kwa kifaa changu: nyota ikishatua kabisa, kifaa bado kinaendelea kuhesabu miale michache inayopotea potea kutoka kila upande. Hiyo si ya nyota, na lazima itolewe kwenye kila hesabu, la sivyo utadhani nyota bado inawaka.

"Hilo ni gunia," alisema mzee.

Akanieleza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kuelewa. Kahawa inapimwa ikiwa ndani ya gunia, na mizani haijui kutofautisha. Kwa hiyo mpima hutazama mshale, anatoa uzito wa gunia kichwani, halafu anaita kwa sauti uzito wa kahawa peke yake. Karani anaitikia, anaandika. Uzito wa gunia hauitwi kamwe. Ndivyo alivyofundishwa na mpima aliyemtangulia, na ndivyo alivyofanya siku zote.

"Na linatolewa mara moja," akaongeza. "Wako wapima wanaolitoa mara mbili. Ya kwanza kwa haki, ya pili kwa tumbo lao. Watu wanajua, lakini watamfanya nini? Mimi nililitoa mara moja." Akajifunga vifungo vya koti, ingawa kule ziwani jasho lilikuwa linatutoka wote wawili.

Mwezi wa tatu mvua ikapata tundu kwenye bati, juu kabisa ya meza yangu. Kompyuta ililowa usiku kucha nami nimelala fofofo chumba cha pili. Fundi wa Mbinga mjini aliifungua, akaitazama kama anavyotazamwa marehemu, akaifunga. Humo ndani zilikuwamo hesabu zote nilizokuwa nimezichambua kwa mwaka mzima. Kuzichukua upya na kuzichambua upya kungehitaji mwaka mwingine, na chuo kilikuwa kimeshanipa nyongeza ya muda ya mwisho. Kilichoniokoa ni kwamba msimamizi wangu ni mtu wa kusoma akiwa na kalamu mkononi, na kwa ajili yake nilikuwa nimezichapa hesabu zile zote kwenye karatasi. Rundo lilikuwa kabatini, kavu. Karatasi moja kwa kila nyota ilipotua, kila mstari sekunde moja. Juu ya kila karatasi kulikuwa na wastani wa yale mabaki yasiyo ya nyota, nami nilikuwa nimeuzungushia kalamu nyekundu.

Kwa hiyo ilibidi kuandika yote upya kwenye kompyuta ya shule. Nilianza na zile namba za kalamu nyekundu, nikaziingiza zote mwenyewe, na programu yangu, nayo niliyoiandika upya, nikaiagiza izitoe kwenye hesabu zitakazofuata. Hesabu zenyewe zilikuwa maelfu, na nilipojaribu kusoma na kuandika kwa wakati mmoja nilikuwa naruka mistari. Mzee aliniona siku ya pili nimekaa mlangoni, karatasi zimenizunguka.

"Unahitaji mtu wa kukuitia," alisema.

Tangu siku hiyo, kila masomo yalipokwisha, alipanda shuleni na koti lake, akaketi kwenye kiti cha wageni katika ofisi ya walimu, akashika karatasi mbali na macho na kuita. Sauti yake ya kuita haikuwa ile ya kuzungumza. Ilikuwa imenyooka, haina haraka, kila namba inaisha kabla nyingine haijaanza. "Mia tatu hamsini na saba." Mimi naandika na kujibu, "Imo." "Mia tatu arobaini na tisa." "Imo." Neno hilo la kuitikia ni yeye aliyenifundisha. Hakukohoa, hakurudia, hakupoteza mstari. Walimu wenzangu walianza kwa kutucheka, wakaishia kupita kwa kunyata. Wiki kama saba tulifanya hivyo, mpaka rundo likaisha, na naweza kusema bila kutia chumvi kwamba zilikuwa alasiri nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo Matiri.

Niliiachia programu ifanye hesabu. Jibu likatoka: hewa ya kule juu ilikuwa nzito kuliko wanavyokadiria wataalamu, na kadiri nyota ilivyokaribia kuzimika ndivyo tofauti ilivyozidi kuwa kubwa. Nikalituma kwa msimamizi. Mtu huyo, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akinijibu kwa mistari miwili, alinipigia simu. Alisema hili ni jambo. Alisema tuandike makala, na kwamba kuna mkutano nje ya nchi. Nilikata simu nikazunguka uwanja wa shule mara mbili peke yangu. Nilikuwa nimevimba kichwa, sioni sababu ya kuficha.

Zilikuwapo dalili. Mwishoni mwa karatasi mzee mwenyewe alikuwa akiita namba zinazozunguka sifuri, nami niliandika tu. Mwishoni mwa karatasi nyingi, baada ya programu kutoa mabaki, kulikuwa na namba nyingi mno zilizoshuka chini ya sifuri, moja baada ya nyingine, wala hakuna moja iliyopanda juu kuzisawazisha. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeniuliza inakuwaje miale ikawa pungufu ya hakuna. Mimi nilizifuta, nikaziita kelele za kifaa, kwa sababu nilikuwa nimeshalipenda jibu.

Kosa nililigundua wakati wa kuandaa kiambatisho. Nilitaka kuonyesha karatasi moja kama mfano, nikaitoa ya juu kwenye rundo, nikaiweka kando ya kompyuta ili nihakikishe zinalingana. Karatasi ilisema mia nne kumi na nane. Kompyuta ilisema mia tatu hamsini na saba. Mstari wa pili, tofauti ile ile. Wa tatu, ile ile. Nikatazama juu ya karatasi, kwenye duara jekundu: sitini na moja.

Ulikuwa mwanzo wa mwezi wa sita, kahawa za kwanza ziko vichanjani. Nilimkuta nyuma ya nyumba anazigeuza kwa mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mbona mapema leo?"

"Mzee, uliponisomea zile karatasi, ulikuwa unatoa gunia?"

"Ile namba nyekundu, si uliniambia si ya nyota?"

"Nilikuambia."

"Basi. Mimi sijawahi kuita gunia."

"Na programu yangu nayo inatoa."

Mkono wake ulisimama juu ya kahawa. Alinitazama kwa muda, si kwa hofu, alikuwa kama anasubiri nimalize sentensi nyingine.

"Kwa hiyo tumetoa mara mbili," alisema.

Nikacheka, nikamwambia si neno, kosa ni langu, tena ni jepesi. Na kweli lilikuwa jepesi. Nilirudi shuleni nikafuta mstari mmoja kwenye programu, ule unaotoa mabaki, kwa kuwa mzee alikuwa ameshayatoa. Kabla ya kumwamini nilichagua karatasi ishirini nikazikagua sekunde kwa sekunde, nikizitoa kwa kalamu. Katika mamia ya hesabu alizozifanya kichwani huku akiita kwa sauti, hakukosea hata moja. Programu ikazunguka tena. Hewa ikawa vile vile wanavyosema wataalamu, tofauti yenyewe ndogo kiasi cha kutostahili kutajwa. Zile namba za chini ya sifuri zikabaki chache, nyingine juu nyingine chini, kama inavyotakiwa. Nilimwandikia msimamizi. Akajibu kwa mistari miwili. Andika hivyo, alisema, na uwahi. Iliniuma, iliniuma sana, lakini shahada ilikuwa salama, na kwa upande wangu jambo lilikuwa limekwisha.

Kwa mzee lilikuwa ndiyo kwanza linaanza. Siku tatu alikuwa kimya, si kwa kununa. Alijibu salamu, alinimegea ndizi, lakini macho yake hayakuwapo. Siku ya nne alinifuata jikoni.

"Mwalimu, lile kosa letu. Lilitokea kwa sababu gani hasa?"

Nilimjibu kama ningemjibu mwanafunzi. Nilisema yeye aliita kama alivyozoea, mimi niliandika kama nilivyofundishwa, kila mmoja alifanya sawa, na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Akatikisa kichwa polepole. "Kama na karani wa mwisho," alisema.

Nikaketi, na yeye akaketi, akanieleza. Karani aliyefanya naye kazi karibu miaka yote aliandika kwenye daftari la mistari, safu moja tu: uzito ulioitwa. Alipofariki aliletwa karani mpya, dada mmoja kutoka mkoa mwingine, mwenye bidii na mwandiko mzuri. Alikuja na fomu zilizochapwa. Alifanya misimu miwili, ile miwili ya mwisho ya mzee, kisha akahamishwa. Mzee hakuwahi kuzitazama fomu zile. Kazi yake ilikuwa kutazama mshale. Alichokumbuka ni kwamba misimu ile miwili, ghala lilipohesabiwa, kahawa ilizidi ile iliyoandikwa. Kwa kawaida hupungua, kwa sababu inazidi kukauka, na kila mwaka kulikuwa na manung'uniko. Misimu ile ilizidi. Chama kikasifiwa, viongozi wakasimama mkutanoni wakasema huyu ndiye mpima, na siku hiyo ndiyo aliyopewa koti.

Alilishika koti kwenye kifua aliposema hivyo.

Tulikwenda ghalani siku ya pili. Fomu zilikuwa kwenye rafu ya nyuma, zimefungwa kwa kamba ya katani, panya wameonja pembe. Safari hii mimi ndiye niliyesoma na yeye ndiye aliyesikiliza, kwa kuwa miwani yake haikutosha kwa maandishi yaliyopauka. Kulikuwa na safu tatu: uzito, gunia, uzito halisi.

"Hamsini na nane," nilisoma. "Gunia, moja. Halisi, hamsini na saba."

"Hamsini na nane niliita mimi," alisema. "Hiyo ilikuwa kahawa."

"Arobaini na tano. Gunia, moja. Halisi, arobaini na nne."

Hakuitikia. Niliendelea karatasi nzima, na nyingine, na nyingine. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli, hakuna mahali palipofutwa. Nilimwona yule karani nisiyewahi kukutana naye, mgeni kama mimi, anainamia fomu aliyokabidhiwa, anaandika anachoitiwa, anatoa anachoambiwa atoe. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo, na nilikuwa nimeshafanya.

"Inatosha," mzee alisema.

Nilijaribu kumtafutia mlango. Nikasema labda misimu ile, kwa kuwa karani alikuwa mpya, yeye mzee alikuwa anaita pamoja na gunia, ila hakumbuki. Alinitazama kwa namna iliyonifanya nione aibu.

"Wewe ulinisikia nikiita karatasi zako," alisema. "Uliniambia nitoe gunia?"

Kosa langu lilikuwa limesahihishwa kwa kufuta mstari mmoja, hata chai haikuwa imepoa. Kahawa ya misimu ile ilikuwa imeshanywewa na watu ambao hawatajua kamwe Matiri iko upande gani. Ziada ilikwenda wapi baada ya kuzidi ghalani, mzee hakujua, na waliojua hawapo tena kwenye uongozi. Nilimwambia hakuna mtu aliyelalamika wakati ule, hakuna anayemshuku sasa, na kwamba yeye mwenyewe hakuiba chochote. Nilimshauri aache. Nakiri kwamba ndivyo nilivyomshauri, na nilidhani ni busara.

Alizungumza na padri katikati ya wiki. Jumapili akaniomba nimsindikize. Mimi si wa kanisa hilo, na mzee analijua hilo vizuri, kwa hiyo nilisimama nje, kando ya dirisha, mahali walipokaa akina mama wenye watoto wachanga. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imeshuka mpaka chini, ukungu umekaa kwenye ngoro, yale mashimo ya kilimo cha milimani, katika shamba la jirani. Misa ilikwisha, matangazo yakasomwa: mchango wa bati, zamu ya usafi. Kisha padri akasema kuna mzee mwenye neno.

Alisimama mbele akiwa na koti lake. Hakutumia sauti ya kuzungumza. Alitumia ile nyingine.

"Misimu miwili ya mwisho niliyopima," alisema, "kila gunia mlilolileta lilitolewa mara mbili. Mara moja na mimi, mara moja na fomu. Karani hakujua. Mimi sikujua, na mimi ndiye niliyepaswa kujua. Nimeona vizuri mlisikie kutoka kwangu."

Akarudi kwenye benchi lake. Ndani mtoto mmoja alikuwa analia. Halafu wakaimba wimbo wa kutokea wakatoka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Sikusikia hata moja. Watu walimpa mkono kama Jumapili yoyote, wakamwuliza hali yake. Mwishoni akaja mama mmoja ambaye shamba lake limepakana na la mzee, mtu wa makamo, mkulima hodari. Akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

"Baba, umejisumbua bure," alisema. "Sisi tulijua siku zile zile."

"Mlijua nini?"

"Nyumbani tuna mizani ya kuning'iniza. Tulikuwa tunapima kabla ya kuja. Tuliona kila gunia limepungua, msimu wa kwanza, na wa pili."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungeanzia wapi, baba? Miaka yote hiyo hukutukata. Tukasema, naye ni binadamu, anakaribia kupumzika, mwache naye ajipatie kidogo. Tulishakusamehe siku nyingi. Hata siku ile ya koti tulipiga makofi wote."

Nilimwona mzee akijaribu kuelewa, kama alivyokitazama kile kisiwa.

"Sikuchukua," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nakuambia sikuchukua. Ni fomu."

"Ndiyo, baba," alisema tena mama yule, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, akaiweka sawa kola ya koti lake. "Tulishakusamehe."

Akaenda zake na wanawe. Mzee alibaki amesimama pale pale mpaka uwanja wa kanisa ukawa mtupu. Kisha akafungua vifungo, kimoja kimoja, akalivua koti, akatazama huku na huku kama anatafuta pa kuliweka. Nilimwambia alivae, baridi ni kali. Aliteremka njia ya nyumbani na shati tu, mikono imemning'inia, na koti nililibeba mimi.